Hesabu ya Samaki na Maisha ya Wananchi: Somo la Nachingwea na Ruangwa

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo makada wengi hulisikia likitajwa katika semina na katika ripoti za wataalamu, lakini ambalo mara chache huelezwa kwa lugha ya kueleweka: namna ya kukisia kwa hesabu hali ya baadaye ya uvuvi, pamoja na hali ya watu wanaoishi kwa uvuvi huo. Kazi hiyo wataalamu huiita kutengeneza kielelezo. Tumechagua kulieleza jambo hili tukiwa tumesimama Nachingwea na Ruangwa, wala si Kilwa Masoko au Mikindani. Msomaji atauliza: wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi haziigusi bahari; zina korosho, ufuta, mbaazi, na siku hizi dhahabu na madini ya kinywe; uvuvi unazihusu nini? Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu, kwa sababu vielelezo vingi vya uvuvi vimekosea hapo hapo. Vimewahesabu samaki na mitumbwi, vikamsahau mchuuzi, mlaji na mkulima aliye bara.

SOMO LA KARANGA

Hapana mahali katika nchi yetu panapofaa kuliko Nachingwea kwa kuanza mazungumzo juu ya hesabu za baadaye. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield uje kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka katika ndege. Ulirudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, na eneo kubwa la mpango huo lilikuwa katika Jimbo la Kusini. Bandari ya Mtwara ilichimbwa na reli ikajengwa mpaka Nachingwea ili kubeba karanga. Januari 1951 mpango uliachwa. Walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza pauni milioni 36 hivi. Reli ile, iliyokosa mzigo wa kubeba, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Je, wale watu hawakujua hesabu? Walijua. Walizidisha idadi ya ekari kwa mavuno ya ekari moja, wakapata jibu lililo sahihi kabisa kwenye karatasi. Kosa lao lilikuwa katika vitu walivyoviacha nje ya hesabu: mvua isiyokuja kwa ratiba, udongo wa Kongwa unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, matrekta chakavu ya vita, na wenyeji ambao hawakuulizwa lolote ingawa wamelima ardhi hiyo kwa vizazi vingi. Kwa hiyo kielelezo chochote kinapoletwa mbele yetu, swali letu la kwanza lisiwe kama kimejumlishwa sawasawa. Swali la kwanza ni hili: kimeacha nini nje, na aliyeachwa nje ni nani?

MTAJI NA ZAO LAKE

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Samaki walio baharini ni kama kundi la mbuzi. Kundi ni mtaji, na watoto wanaozaliwa kila mwaka, baada ya kuwatoa waliokufa, ndio zao la mtaji huo. Mfugaji anayechinja zao tu ataendelea kula nyama miaka yote. Anayechinja zaidi ya zao anakula mtaji, hata kama mwaka huu na mwaka kesho haoni tofauti zizini.

Lakini kuna jambo moja ambalo mfano wa mbuzi hauonyeshi vizuri. Bahari ina kiasi chake. Mwamba fulani una mapango mangapi, na majani ya bahari yanatosha kulisha tasi wangapi, hayo yote yana kikomo. Samaki wakiwa wachache mno, wazazi ni wachache na zao ni dogo. Wakiwa wengi mpaka kujaa, chakula na mahali pa kujificha havitoshi, na zao huwa dogo vile vile. Zao kubwa linapatikana katikati. Mwaka 1954 Milner Schaefer wa Marekani aliliandika wazo hili kwa kanuni fupi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa.

Tuikokotoe. Tuseme ghuba fulani (ya kufikirika, msomaji asiitafute kwenye ramani) inaweza kubeba tani 1,000 za samaki ikijaa, na samaki hao wakiwa wachache huongezeka kwa asilimia 40 kwa mwaka. Zao la mwaka hupatikana kwa kuchukua asilimia 40 ya samaki waliopo, kisha kuzidisha kwa sehemu ya bahari iliyobaki tupu. Samaki wakiwa tani 900, sehemu iliyo tupu ni moja ya kumi, na zao ni tani 36. Wakiwa tani 500, nusu ya bahari ni tupu, na zao ni tani 100. Wakiwa tani 100 tu, zao linarudi kuwa tani 36. Hapo kuna fundisho la kwanza: tani 36 zile zile zaweza kutoka katika bahari iliyojaa na zaweza kutoka katika bahari iliyokaribia kufilisika. Anayetazama mizani ya mwaloni peke yake, akaona uzito haujabadilika, hajui amesimama upande gani.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Katika ghuba hii zao kubwa kuliko yote ni tani 100. Tuseme wavuvi, pamoja na maofisa waliowapangia, wanavua tani 120 kila mwaka. Wamezidisha tani 20 tu. Tunaanza na bahari iliyojaa. Baada ya miaka 12 samaki wamebaki karibu nusu, na hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa kila mwaka tani 120 zimepatikana. Baada ya miaka 20 wamebaki tani 310 hivi. Hadi hapo mtu aweza bado kusema kwamba hali si mbaya. Baada ya miaka 25 wamebaki tani 54. Mwaka wa 26 hata wakivuliwa wote hawafiki tani 120. Kwa maneno mengine, robo ya karne nzima ilionekana kuwa ya neema, na anguko lenyewe lilikuja katika miaka mitano ya mwisho. Tunawaomba wanafunzi wachukue karatasi na kalamu wairudie hesabu hii mwaka baada ya mwaka. Ukiikokotoa mwenyewe unaiamini kuliko ukielezwa.

KWA NINI MVUVI HAACHI

Wako wanaosema kwamba mvuvi anamaliza samaki kwa ujinga, na kwamba dawa ni elimu. Elimu ni jambo jema, lakini maelezo hayo si ya kweli, na tena yanamwonea mvuvi. Mwaka huo huo wa 1954 Mkanada H. Scott Gordon alionyesha kwamba katika maji yasiyo na mwenyewe, watu huendelea kuingia katika uvuvi mpaka pato lilingane na gharama, yaani mpaka faida ya wote iishe. Anayejizuia leo hajiwekei akiba, bali anamwachia mwenzake. Nahodha anayejua fika kwamba vibua wamepungua anaongeza nyavu kwa sababu hiyo hiyo kwamba wamepungua.

Lakini Gordon naye aliwatazama wavuvi kana kwamba wote ni sawa, na hapo sisi hatukubaliani naye. Tukishuka pwani tunakuta mahusiano ya uzalishaji yaliyo wazi kabisa. Kuna mwenye chombo, mwenye mashine na nyavu, na kuna mabaharia ambao nyenzo yao ni mikono yao. Katika sehemu nyingi za pwani pato likishatolewa gharama za mafuta na barafu hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu na mashine, na fungu la watu. Mwenye vyote viwili huondoka na mafungu mawili hata asipolowa maji. Juu yake yuko mfanyabiashara anayekopesha mafuta, barafu au nyavu kwa sharti kwamba samaki wote apewe yeye kwa bei aitakayo. Baharia aliye katika mnyororo huo hawezi kupumzika nyumbani bamvua hili ili samaki wazae. Deni halizai bali linadai. Kwa hiyo kielelezo kinachohesabu idadi ya vyombo bila kuuliza ni vya nani, na vimekopwa kwa nani, kitatoa ushauri usiotekelezeka.

Mwaka 1968 Garrett Hardin, naye wa Marekani, alitangaza kwamba mali ya wote lazima iangamie, isipokuwa igawiwe watu binafsi au itawaliwe kwa nguvu na dola. Maneno hayo yalipendwa sana na wale waliokuwa wakitafuta sababu ya kuuza kila kitu. Elinor Ostrom alitumia miaka mingi kuchunguza vijiji halisi, misitu, mifereji na wavuvi, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 akaonyesha kwamba jumuiya nyingi zimetunza mali yao ya pamoja kwa karne nyingi, mradi tu zina mipaka inayojulikana, kanuni walizozitunga wenyewe, ulinzi wao wenyewe, na adhabu zinazoanza kwa upole. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa mtu aliyekulia kijijini kwetu habari hiyo haikuwa ngeni, lakini ni vizuri imeandikwa mahali ambapo wakubwa wa dunia wanaisoma.

BARUTI, TOPE NA MKULIMA WA BARA

Turudi Lindi. Katika ile kanuni kuna tarakimu mbili: samaki waliopo, na kiasi ambacho bahari inaweza kubeba. Nyavu hupunguza tarakimu ya kwanza. Baruti hupunguza zote mbili. Nyavu ikiacha kutumika samaki hurudi, kwa kuwa nyumba yao ipo. Mwamba uliopasuliwa kwa baruti umegeuka kokoto, na matumbawe hukua polepole mno. Ni sawa na tofauti kati ya kuiba mahindi na kulichoma moto ghala.

Pwani ya kusini iliteseka kwa uvuvi wa baruti kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa Mtwara na Lindi waliunda shirikisho lao la kulinda bahari, wakaikamata baruti wao wenyewe, na wakashangaa kuona kesi nyingi zikififia mahakamani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Milipuko ilipungua sana baada ya vyombo vya dola kuanza kufanya kazi kwa pamoja tangu mwaka 2015. Na baruti hiyo ilitoka wapi? Haikutengenezwa na samaki. Nyingi ilivuja kutoka katika migodi, machimbo ya mawe na ujenzi wa barabara, yaani kutoka bara. Wilaya yenye machimbo, kama zilivyo Ruangwa na Nachingwea, ina stoo za baruti zinazopaswa kuhesabiwa kijiti kwa kijiti. Kada wa wilaya hizo asiseme kwamba ulinzi wa bahari ni kazi ya watu wa pwani.

Kuna njia nyingine ambayo bara huifikia bahari, nayo ni mito. Mbwemkuru na Lukuledi hukusanya maji ya nchi hii ya milima na mabonde na kuyapeleka Bahari ya Hindi, Lukuledi ukiingia katika ghuba ya Lindi. Maji hayo yanapeleka chakula cha mikoko na kambamiti. Lakini msitu ukifyekwa na kuchomwa hata kwenye kingo za mto, kinachoshuka ni tope, na tope huziba matumbawe. Tunajua kwamba ufuta umewapa watu fedha, na kwamba mkulima mdogo hufungua shamba jipya kwa sababu la zamani limechoka. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba kielelezo cha samaki wa Lindi ambacho hakina ndani yake shamba la ufuta la Ruangwa kina tundu. Vivyo hivyo zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu: ikimwagwa kwenye kijito haipotei, bali hupanda kutoka tope hadi mdudu, kutoka mdudu hadi samaki, na kutoka samaki hadi mtoto tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020.

NANI ANAISHI KWA BAHARI HII

Tumefika kwenye kiini cha maelezo yetu. Ripoti ikisema jamii zinazotegemea uvuvi, kwa kawaida inamaanisha watu wanaoonekana mwaloni. Lakini fuata tenga la samaki. Linatoka Lindi, linapita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao, linafika Nanganga. Hapo baadhi ya mizigo hupanda kwenda Ruangwa, na mingine huendelea Ndanda na Masasi kabla ya kugeukia Nachingwea. Samaki wabichi wenye barafu huishia miji ile. Wanaofika vijijini, nyuma ya baiskeli au pikipiki, ni ng'onda, papa wa chumvi, na dagaa wakavu, wakiwemo wale wanaotoka mbali kabisa katika Ziwa Victoria. Samaki wabichi wa vijijini ni kambale na perege wa mito, navyo vijito vingi hukauka kiangazi.

Kwa muda mrefu hotuba za bajeti za wizara zilikuwa zikitaja kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 8.5 za samaki kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi kilo 20. Wastani ni neno la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa humchanganya anayekula nguru hotelini na anayegawana dagaa wa kijiko kimoja. Hata hivyo tuutumie. Nachingwea na Ruangwa kwa pamoja zina watu zaidi ya laki 4. Kwa kilo 8.5 kila mmoja, wilaya hizi mbili zinahitaji tani 3,400 kwa mwaka. Hizo si tani chache.

Wako wanaosema: wachimbe mabwawa, bahari ipumzike. Tunauunga mkono ufugaji wa samaki, lakini tuupigie hesabu kabla ya kuupigia ngoma. Tuseme bwawa la mita 10 kwa 20 linatunzwa vizuri, perege 400 wamepandwa, na linavunwa kilo 80 mara mbili kwa mwaka. Hizo ni kilo 160. Ili kutoa tani 3,400 yatahitajika mabwawa 21,250, yote yakiwa na maji mwaka mzima, vifaranga na chakula. Nchi yetu imekwisha kupita njia hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilihesabiwa kuwa na mabwawa kama 8,000, mengi yakiwa madogo, yasiyotunzwa na yasiyotoa kitu. Yalichimbwa kwa amri na yakaachwa kwa ukimya. Bwawa la shule, la kikundi cha akina mama, au la kijiji chenye chemchemi ni jambo la maana. Kwamba mabwawa yatachukua nafasi ya bahari ni karanga nyingine.

Sasa tazama jinsi shamba linavyoivuta bahari. Mkulima wa hapa hupata fedha mara mbili kwa mwaka. Korosho huuzwa hasa kuanzia Oktoba, ufuta kuanzia Mei na Juni, yote kwa mnada kupitia vyama vya msingi na Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limekusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha ya korosho ikifika, kaskazi inaanza, bahari inatulia na vyombo vinatoka kwa wingi. Mahitaji na upatikanaji vinakwenda pamoja. Fedha ya ufuta hufika wakati kusi inavuma, vyombo vidogo vinashindwa kutoka, na samaki ni haba. Watu wana fedha na samaki hakuna. Bei hupanda, na bei hiyo ndiyo inayomshawishi baharia kuingia katika maji hatari au kukokota juya kwenye mazalia ya ufukweni. Na mkulima akikosa fedha, kama ilivyokuwa katika msimu wa korosho wa 2018/19 ambapo malipo yalichelewa kuwafikia wengi, tenga la mchuuzi linarudi na mzigo. Mtaalamu anayechora kielelezo cha pwani bila kalenda ya korosho na ufuta ataona bei zikiruka juu na chini na hatajua sababu. Mama anayeuza ng'onda sokoni anaijua bila kuandika.

PALE KIELELEZO KILIPODANGANYA

Tusidhani kwamba nchi tajiri, zenye meli za utafiti na mashine za kukokotoa, zimesalimika. Huko Newfoundland, Kanada, samaki ambao kamusi zetu huwaita chewa (si chewa wa mwambani tunaowajua sisi) walivuliwa kwa karne 5. Wataalamu wa serikali walikadiria wingi wao kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, kiasi ambacho meli kubwa za kukokota zilikamata kwa saa. Lakini samaki wanapopungua hujikusanya, na meli yenye vifaa huwafuata pale walipojikusanya, hivyo kwa meli bahari ilionekana imejaa. Wavuvi wadogo wa karibu na pwani walikuwa wakilalamika tangu miaka ya 1980 kwamba samaki ni wachache na wadogo. Hawakusikilizwa, kwa kuwa hawakuwa na tarakimu. Julai 1992 uvuvi huo ulisimamishwa na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Wengi walikuwa wamezeeka au kuhama kabla ya amri ile kuondolewa mwaka 2024.

Peru nayo ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wake mwaka 1970. Mwaka 1972 maji ya bahari yalipata joto, na mwaka 1973 hazikufika hata milioni 2. Sehemu kubwa ya dagaa hao haikuwa chakula cha Waperu. Ilisagwa kuwa unga wa kulisha kuku na nguruwe wa nchi za nje. Hapa kwetu joto la bahari liliua matumbawe mengi mwaka 1998, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Mafia na Kilwa, na mvua zake zikakata barabara kuu ya kwenda kusini. Ile asilimia 40 tuliyoitumia katika mfano wetu, kwa hiyo, si tarakimu ya kudumu. Mwaka mmoja ni 40, mwaka mwingine yaweza kuwa 15. Anayepanga kuvua zao lote la mwaka mzuri anakula mtaji katika mwaka mbaya.

KUFUNGA NA KUFUNGUA

Pamoja na hayo yote kuna mahali ambapo hesabu na akili ya wananchi vimekutana, napo ni kwenye pweza. Pweza huishi kwa muda wa mwaka mmoja hivi na hukua kwa kasi kubwa. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kumvua akiwa chini ya gramu 500. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi michache, na kilipoifungua kikapata pweza wakubwa. Utaratibu huo umefuatwa baadaye Pemba, Mafia na Kilwa. Kwa pweza kielelezo hakihitaji kungoja miaka 25. Matokeo yanaonekana bamvua la kufungulia. Ndiyo sababu umekubalika. Tena mwamba wa pweza hutembelewa sana na wanawake kwa miguu, kwa hiyo wanawake wakaingia katika vikao ambavyo zamani vilikuwa vya manahodha.

Jambo la kuangalia ni siku ya kufungua. Mwamba ukifunguliwa, wanaowahi ni wenye mashine kutoka mbali, na wanunuzi wa kusafirisha nje huja na mizani yao. Wale waliokaa na njaa miezi mitatu wakilinda wanaweza kupata kidogo kuliko wageni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimeziweka kamati za wavuvi za ulinzi wa rasilimali katika mialo, na kamati hizo zinaweza kuandika nani anaingia kwanza. Pale zilipokuwa mali ya wenye boti, zimeandika vinginevyo.

Mambo makubwa zaidi yanakuja. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, kwa ajili ya meli za bahari kuu na jodari wake. Sisi tunaona kwamba bandari hiyo yaweza kuupumzisha mwamba, ikiwa mabaharia wa maji mafupi watapata kazi humo, na ikiwa sehemu ya samaki itageukia barabara ya Nanganga badala ya yote kwenda kwenye makontena. Haitatokea yenyewe. Bei ya nje siku zote itakuwa kubwa kuliko ya Ruangwa. Lazima iandikwe katika mpango kabla ya meli ya kwanza kutia nanga, kwa tani na kwa tarehe.

DAFTARI LA SOKONI

Makada hutuuliza: sisi tulio bara, tusio na meli wala maabara, tunaweza kuchangia nini katika hesabu hii? Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, hupima samaki majini na mialoni. Mwisho wa mnyororo hauna mpimaji. Tawi moja, shule moja ya sekondari au chama cha msingi kimoja kinaweza kuweka daftari katika soko la Ruangwa mjini au la Nachingwea, na kuandika siku moja kila wiki, siku ile ile, kwa miaka mitatu bila kukosa. Aandikwe samaki wa aina gani ameletwa, kutoka mwalo upi, mbichi au mkavu. Apimwe urefu kwa rula, samaki 20 wa kila aina, kwa maana urefu ukipungua mwaka hadi mwaka tunajua wazazi wamekwisha, hata kama uzito wa tenga ni ule ule. Iandikwe bei ya fungu, na kando yake bei ya ufuta au korosho katika mnada wa wiki hiyo. Iandikwe pia kama barabara ilikuwa inapitika.

Wanafunzi waanze na vibua na tasi, kwa kuwa ni rahisi kuwatambua hata wakiwa wamekaushwa. Papa mkavu huletwa amekatwa vipande na hapimiki. Kwake yeye iandikwe bei tu.